Voisi Kutoka Rundo la Mawe

Mimi ni fundi baiskeli hapa Bariadi, jirani na soko, na siku jambo hili lilipoanza nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiziba pancha. Sina kawaida ya kusimulia mambo ya kutisha. Wateja wangu wananijua: mtu akija na habari za bibi aliyeruka na ungo, humuuliza kwanza kama ungo huo ulikuwa na breki. Kwa hiyo haya sikuyaokota barazani. Yalimpata shemeji yangu Mayunga, mdogo wake mke wangu Minza, na mimi nilikuwamo tangu mwanzo.

Miaka ya karibuni wageni wameanza kupita Simiyu na baiskeli za changarawe, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Hawataki lami. Wanataka vumbi, mawe, nyika kavu na vilima, na wanataka mwenyeji aliyezipita njia hizo kabla yao. Mayunga alipata baiskeli moja iliyochoka kutoka kwa mgeni, nikamfufulia, akaanza kutafuta njia. Za Sapiwi na Ngulyati, hapa karibu, alizimaliza ndani ya mwezi. Kisha kikundi kimoja kutoka Arusha kikamwomba njia ya upande wa Meatu, kule Bukundi, ambako ardhi hukauka mpaka kuwa nyeupe na vilima vinasimama kimoja kimoja. Nyanjige, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mayunga alisema njia hiyo ikikubalika, mtoto atazaliwa baba ana kazi ya kueleweka.

Shida yake ilikuwa kumbukumbu. Kila akirudi alikuwa amechanganya njia panda ya jana na ya juzi. Nikampa ushauri ambao leo natamani ningekuwa bubu siku ile nilipoutoa.

"Usiandike," nikamwambia. "Kila penye njia panda, kila penye mto, ongea kwa sauti kama unawaongoza wageni. Jirekodi kwa simu, unitumie voisi. Mimi nitaandika kwenye daftari."

"Sawa, bosi," akasema, akanipiga bega.

Alipewa lifti na lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, akashushwa huko mbali ili aipime njia akija nyumbani. Siku mbili sikusikia lolote, maana huko mtandao ni wa kubahatisha. Siku ya tatu asubuhi simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Voisi kumi na tisa. Nikachukua daftari na kalamu, nikaanza na ya kwanza.

"Deo, tunaanzia hapa chini ya kilima cha Numbili. Kuna rundo kubwa la mawe kando ya njia, nimeegemeza baiskeli. Alama nzuri sana. Basi, twende nyumbani."

Nikaandika. Ya pili: tunavuka mto wa mchanga, tushuke tukokote. Ya tatu: njia panda, tunashika kushoto, kulia kunaenda lamboni. Ya nne alikuwa anacheka: "Watu wa huku wana adabu, Deo. Wananisalimia mara mbili. Mchungaji ananiambia mwadila, naitikia, nikishapita anasema tena mwadila."

Kwenye ya saba kalamu ikasimama. Mayunga alisema tunapanda, changarawe ni nyingi, tahadhari. Akanyamaza. Kabla sauti haijakatika, mtu mwingine akasema, "Haya."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka anayekubali kuongozwa. Nikadhani ni mchungaji. Nikasikiliza ya nane. "Haya." Ya tisa. "Haya." Kila njia panda mpaka voisi ya mwisho, yule mtu aliitikia.

Mayunga alifika jioni ile, akaniletea baiskeli moja kwa moja. Spoksi sita za nyuma zilikuwa zimekatika. Tairi la nyuma lilikuwa limelika katikati kama la baiskeli ya mkaa.

"Ulibeba nini?" nikauliza.

"Nibebe nini? Hii haina hata keria." Akaketi kwenye benchi langu kwa kujisukuma na mikono. "Ila ilikuwa nzito, Deo. Tangu kule mwanzo ilikuwa nzito."

Kuhusu ile sauti alisema ni upepo. Nikakubali, kwa sababu ndivyo nilivyotaka.

Wiki mbili zilizofuata Mayunga aliisha. Kijana aliyekuwa anapanda kilima bila kuinuka kwenye kiti sasa alipumzika mara tatu kutoka kitandani hadi mlangoni. Hospitali walipima malaria, damu, kifua. Hakuna kitu. Asubuhi moja Nyanjige alikuja karakana akasimama karibu yangu sana, akaongea kwa sauti ndogo.

"Shemeji, kuna mtu anakaa mlangoni kwangu."

"Nani?"

"Simwoni. Naona vumbi alipokaa, kwenye kigoda. Nafuta, kesho lipo tena." Akafungua kitambaa akanionyesha.

Udongo wetu hapa ni mweusi. Lile vumbi lilikuwa jeupe.

Nilirudi nyumbani nikaketi uani, nikaziweka zile voisi upya. Mama mkwe wangu, Mama Milembe, alikuwa amekuja kumwangalia mwanawe na alikuwa jikoni na Minza. Kwetu mkwe haketi na mkwewe wala hawatazamani usoni, hivyo kati yetu kulikuwa na ukuta wa jiko. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Minza akatoka.

"Mama anasema rudia ya kwanza."

Nikairudia. Rundo la mawe. Twende nyumbani.  Kisha Mama Milembe, ambaye alizaliwa huko Bukundi, akaanza kuongea kwa sauti ya chini, akimwambia binti yake ili nisikie mimi.

Alisema pale pana mtu. Zamani, yeye akiwa mtoto, alipita mwanamume na baiskeli ya mzigo, akafia chini ya kilima kile. Hakuna aliyejua jina lake wala kwao. Wakamzika alipoanguka, wakamrundikia mawe.

Hapo nikaelewa. Nilimleta baba yangu mwenyewe kutoka hospitali ya Mwanza akiwa kwenye jeneza, na nilikaa pembeni yake njia nzima nikimwambia: baba, sasa tunavuka daraja, baba, sasa tunakata kulia. Watu wetu hufanya hivyo ili marehemu asibaki njiani. Yule wa Numbili hakuwa na wa kumwambia. Anayepita humwekea jiwe na kuondoka kimya, miaka yote hiyo, mpaka alipokuja Mayunga na simu yake, akaegemea mawe, akamwambia twende nyumbani. Akamtajia kila mto na kila njia panda. Na aliyemfundisha kufanya hivyo ni mimi.

"Mama anasema amrudishe yeye aliyemleta," Minza akasema. "Kwa baiskeli ileile, njia ileile, amwambie kila mahali. Akimfikisha, mrudi kimya. Na mtu asimwelekeze mwenzake njia."

Tuliondoka alfajiri, Mayunga mbele, mimi nyuma kwa pikipiki. Siku mbili zikawa tatu. Alikuwa akikanyaga pedali mara kumi, anasimama, anahema, anasema kwa sauti iliyokauka: tunakata kulia, tunateremka. Nilikuwa mbali, sikusikia kama kuna aliyeitikia. Lakini wachungaji niliwasikia. Mwadila. Halafu, baada ya hatua chache, mwadila.

Siku ya tatu, saa saba mchana, tukafika mto wa mchanga. Akaniashiria nibaki upande huu. Akavuka akikokota baiskeli, akapotea nyuma ya vichaka vya miiba chini ya kilima. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na ndege. Hapakuwa na upepo. Nilisali sala nilizozijua zote, nikarudia. Nusu saa ikapita.

Kisha akatokea. Alikuwa anakuja mbio, mwepesi, mgongo umenyooka. Alipovuka mchanga akaweka mguu mmoja kwenye pedali, akarukaruka mara tatu, akazungusha mwingine kwa nyuma, kama wazee wapandavyo baiskeli. Sikuwahi kumwona akipanda hivyo. Nikajiambia, miguu imerudi, anacheza. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Tulirudi bila neno. Kwenye njia panda ya kwanza akasimama, akageuka kuniangalia. Nikadhani uchovu umemchanganya, maana hata akiwa mzima alikuwa msahaulifu. Nilikatazwa maneno. Kidole si maneno. Nikaonyesha kushoto, naye akaenda. Njia panda ya pili akasimama tena. Nikaonyesha. Ya tatu. Ya nne. Mpaka Bariadi nilikuwa nimeonyesha kila mahali. Hata penye kona ya soko. Hata penye lango la nyumba yake.

Nyanjige alitoka ameshika tumbo, analia kwa furaha. Yeye alisimama uani, ananitazama, anasubiri. Nikacheka kidogo, nikamwonyesha mlango.

"Haya," akasema. Akaingia.

Ulikuwa mdomo wa Mayunga. Sauti nilikuwa nimeisikia mara kumi na tatu kwenye simu yangu.

Jioni ile Mama Milembe aliuliza kupitia ukutani, "Minza, nani alimwonyesha njia?" Nikainuka nikaenda zangu. Kesho yake alifunga mizigo akaondoka. Hakwenda kumuaga mwanawe.

Sasa ni mwezi wa pili tangu turudi. Aliyerudi nami ana afya. Anakula vizuri, ni mpole, anafanya kazi kuliko zamani. Nyanjige anasema ana bahati, halafu anatazama chini. Kigoda cha mlangoni hakina vumbi tena. Simu ya Mayunga, alisema ilianguka njiani.

Jumanne moja, saa saba mchana, alikuwa karakana kwangu akipaka cheni mafuta. Simu yangu ikalia. Voisi, namba ya Mayunga. Ile simu yake haikuwahi kukaa na chaji hata siku moja nzima. Nikaiweka sikioni.

"Deo." Ilikuwa sauti ya Mayunga, ya kwake hasa. "Mbona mmeniacha? Nipo penye mawe. Nikitoka hapa nakata wapi? Niambie njia, shemeji."

 Aliyekuwa anapaka cheni mafuta hakuinua kichwa.

"Usimjibu," akasema taratibu. "Nyanjige anakaribia kujifungua. Nyumba ni ndogo."

Sikujibu. Voisi zikawa zinakuja kila mchana, maneno yaleyale. Siku ya sita nikashindwa, nikachukua pikipiki, nikamuaga Minza kwamba nafuata vipuri. Nilifika Numbili siku ya pili, saa saba. Rundo lilikuwepo. Mtu hakuwepo, wala nguo, wala alama ya tairi. Nikapiga ile namba, ingawa simu yangu haikuonyesha mtandao.

Ikaita. Iliita chini ya mawe.

Nilipiga magoti nianze kuyatoa. Nyasi zilikuwa zimeota katikati ya mawe yale, zimekauka, zimeota tena. Kuna mengine yalikuwa yamezama ardhini. Hakuna mkono uliokuwa umeyagusa kwa miaka mingi. Simu ikanyamaza.

Nikafungua kinywa niseme, Mayunga, twende nyumbani. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Nikamkumbuka Nyanjige na tumbo lake, na yule aliyekaa naye. Nikafikiria wawili katika nyumba ile. Nikafikiria pia kwamba sijui ni wangapi wengine wanasikiliza chini ya kilima. Kikohozi kikanishika. Nikakohoa. Nikasimama nikiona aibu ambayo sitapona.

Kabla ya kuondoka nikafanya kama afanyavyo kila apitaye pale, bila hata kufikiri. Nikaokota jiwe, nikaliweka juu ya mengine. Nikaondoka kimya.

Simu ililia nilipokaribia mji wa Mwanhuzi, penye mtandao. Voisi moja, fupi. Nilizima pikipiki nikasikiliza. Zilisikika hatua za viatu kwenye changarawe. Kikasikika kikohozi, na kikohozi kile ni changu. Jiwe likagonga jiwe.

Kisha Mayunga, karibu kabisa na kipaza sauti, akihema.

"Shemeji," alisema, "hilo uliloweka ni zito."