Vitambaa Vitatu vya Fidea

Huyu ni Fidea. Yuko juu ya dungu.

Dungu ni kijumba cha miti chenye miguu mirefu. Ukikaa juu yake, unauona mpunga wote ukicheza na upepo. Shwaa, shwaa, shwaa.

Kule mbali kuna dungu jingine. Huko yuko kaka yake, Ladi. Fidea akiita, Ladi hasikii. Ladi akiita, Fidea hasikii.

Katikati, chini kabisa, kuna kibanda. Ndani yuko Mama. Mama anawasikia wote wawili.

Shamba lao limegawanywa majaruba saba ya mpunga, yamepangana mstari mmoja. Kila jaruba lina jina lake. Mferejini. Penye Mpera. Kichuguuni. Kwa Kobe. Shimoni. Kwa Bata. Njiapanda.

Usicheke. Kwa Kobe kweli palikuwa na kobe.

Kila jaruba lina kamba yenye makopo. Kamba zote zinafika kibandani. Mama akivuta kamba, makopo yanalia. Kwalanga! Kwalanga!

Makopo ya nini? Ya hawa hapa!

Chi-chi-chi! Chi-chi-chi!

Hawa ni kwelea kwelea. Ni ndege wadogo, wadogo sana. Lakini matumbo yao, usiulize!

Mwaka jana waliumaliza mpunga wote. Krismasi ikafika, ubwabwa hakuna. Fidea alikula ugali siku ya sikukuu, na moyo wake ulikuwa mzito.

"Mwaka huu," alisema Mama, "tutakula mpunga wetu wenyewe."

Basi kila siku Fidea na Ladi wanaamia ndege wasile mpunga. Wanakaa juu ya madungu, wanatazama.

Ndege wakitua, wanajaa majaruba mawili jirani, wanazama ndani ya mpunga. Mama yuko chini, hawaoni. Fidea anawaona wa upande wake. Ladi anawaona wa upande wake.

Fidea anaita, "Mama! Kwa Kobe!"

Ladi anaita, "Mama! Kichuguuni!"

Mama ana mikono miwili. Mkono huu anavuta kamba ya Kichuguuni. Mkono huu anavuta kamba ya Kwa Kobe. Kwalanga! Kwalanga! Vuuuu! Ndege wote juu!

Na wote watatu wanaimba:

"Nendeni zenu, nendeni zenu!
Mpunga huu si wenu!"

Fidea aliita leo. Akaita kesho. Akaita na kesho kutwa.

Asubuhi moja akafungua mdomo. "Hhhh."

Sauti haipo! Imekauka.

Chi-chi-chi! Ndege hao!

"Mama! Kwa Kobe!" aliita Ladi.

"Hhhh," aliita Fidea.

Mama akasikia jina moja tu. Akavuta kamba moja tu. Kwalanga!

Ndege wa Kwa Kobe wakashtuka. Wakarukia jaruba la jirani, kwa wenzao. Hop! Wakaendelea kula.

Fidea aliwaona. Alipunga mikono, akaruka ruka, akakanyaga dungu, du, du, du. Mama hakujua ni jaruba gani. Fidea aliumia sana moyoni.

Mchana ndege walikwenda kupumzika kwenye matete. Fidea na Ladi wakashuka. Wakala mihogo kibandani na Mama.

Mama akampa Fidea maji ya moto yenye asali. Akamshika shingo taratibu.

"Pole, mwanangu. Kesho ubaki kwa shangazi. Huku tunahitaji sauti."

Fidea akatikisa kichwa. Machozi yakamlenga. Nani atawatazama ndege wa upande wake?

Fidea akanyamaza. Alikuwa amenyamaza tayari, lakini sasa alinyamaza kwa kufikiri.

Pale kibandani palikuwa na vipande vya khanga kuukuu. Kimoja chekundu. Kimoja cheupe. Kimoja cha buluu.

Fidea akavitazama. Akazitazama kamba za Mama. Akafikiri, akafikiri.

Kisha akachana nyuzi ndogo ndogo kutoka kwenye kila kipande. Akazifunga kwenye kamba, moja baada ya nyingine.

Nyekundu, nyeupe, buluu.
Nyekundu, nyeupe, buluu.
Na Njiapanda, nyekundu tena.

Vipande vikubwa akabaki navyo mkononi. Akanong'ona, "Mimi nitainua rangi."

Ladi akacheka mpaka muhogo ukamdondoka. "Rangi tatu, majaruba saba! Hesabu gani hiyo? Ukiinua nyeupe, ni Penye Mpera au ni Shimoni? Mama atajuaje?"

Fidea akanong'ona, "Ndege ni kundi moja. Hawaachani."

"Sasa?"

"Wewe utasema jina. Mimi nitainua rangi. Mama ataitafuta rangi yangu jirani na jina lako."

Ladi akaacha kucheka.

Mama akazisogelea kamba. Akaigusa ya Kwa Kobe. Nyekundu. Akamgusa jirani wa huku. Buluu. Akamgusa jirani wa huku. Nyeupe.

"Rangi za majirani wawili hazifanani," akasema polepole. "Hee! Kweli hazifanani. Haya, pandeni. Tutaona."

Jioni jua likapoa. Chi-chi-chi! Ndege hao!

"Mama! Kwa Bata!" aliita Ladi.

Fidea akainua kitambaa chekundu. Juuuu!

Mama akachungulia nje, akakiona. Nyekundu! Nyekundu ipi?

Nyekundu ya Mferejini? Hapana, iko mbali.
Nyekundu ya Kwa Kobe? Hapana, si jirani.
Nyekundu ya Njiapanda? Ndiyo! Hiyo ni jirani wa Kwa Bata!

Mkono huu Kwa Bata, mkono huu Njiapanda. Kwalanga! Kwalanga! Vuuuu!

"Nendeni zenu, nendeni zenu!
Mpunga huu si wenu!"

Ladi hakukiona kitambaa. Fidea hakumsikia Ladi. Lakini Mama alijua yote.

Fidea akakikumbatia kitambaa chake. Hakwenda kwa shangazi. Kesho yake alikuwa juu ya dungu, na kesho kutwa pia.

Sasa, huyu Ladi bwana! Alimfikiria dada yake anavyoinua vitambaa, anavyopumzika, wala hapigi kelele. Akatamani.

"Kuita kunachosha," akajisemea. "Na mimi nitainua rangi."

Akachana vipande vyake kutoka kwenye khanga zile zile. Hakumwambia mtu. Akapanda dungu lake, akangoja.

Chi-chi-chi! Ndege hao!

Fidea akainua buluu. Ladi akainua nyeupe.

Mama akatazama huku. Akatazama huku. Buluu na nyeupe. Jirani wa nani? Ni Kichuguuni na Penye Mpera? Au ni Kwa Bata na Shimoni?

Akashika kamba hii, akaiacha. Akashika ile, akaiacha.

Chi-chi-chi, walikula ndege. Chi-chi-chi.

Mama akatoka nje, mikono kiunoni. "Ladi! Rangi na rangi, nitajuaje mko wapi? Mmoja wenu lazima aseme jina!"

Ladi akaona haya. Akakitupa kitambaa. Akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote.

"PENYE MPERAAA!"

Penye Mpera! Na buluu iliyo jirani? Kichuguuni! Mama akakimbilia kamba. Kwalanga! Kwalanga! Vuuuu!

"Nendeni zenu, nendeni zenu!
Mpunga huu si wenu!"

Siku zikapita. Mpunga ukaanza kuiva, ukawa wa rangi ya dhahabu. Sauti ya Fidea ikarudi kidogo kidogo, kwanza kama paka, halafu kama Fidea.

Na sauti ya Ladi? "Hhhh."

Ladi akaja kwa dada yake. Akanyoosha mkono kuomba vitambaa.

Fidea akamtazama. Akajikaza asicheke. "Rangi tatu, majaruba saba! Hesabu gani hiyo, Kaka?"

Ladi akacheka bila sauti. Fidea akampa vitambaa vyote vitatu.

Siku hiyo Fidea aliita majina na Ladi aliinua rangi. Mama alivuta kamba kwa mikono yake miwili. Ndege wakachoka. Wakaenda zao kutafuta nyasi za porini, na huko wakashiba.

Mpunga ukavunwa. Magunia yakajaa, yakapangwa ndani mpaka karibu na dirisha.

Krismasi ikafika. Sufuria ikafunguliwa. Fuuu! Mvuke ukapanda, na nyumba nzima ikanukia ubwabwa.

Fidea alikula. Akaongeza. Akakwangua na ukoko. Alifurahi mpaka akashindwa kuongea.

Usiku ukaingia. Ladi akalala kitanda cha huku. Fidea akalala kitanda cha huku. Mama alikuwa sebuleni anapunguza utambi wa taa.

"Wanangu," aliita Mama, "mnasemaje?"

Ladi akajibu kutoka kitandani, "Tumeshiba, Mama. Ubwabwa ulikuwa mtamu. Na tunakupenda."

Fidea alikuwa na usingizi mzito. Macho yalishafumba. Mdomo ulikuwa na nguvu ya neno moja tu.

"Sana," akasema.

Mama akatabasamu peke yake gizani. Lilikuwa neno dogo, lakini lilikuwa jirani na maneno ya Ladi. Alisikia yote.