Kufuli la Kushoto

Saa nne na dakika ishirini na mbili za asubuhi, siku ya Jumamosi, Bibi alikuwa amelala ubavu mtaroni chini ya kilima cha majaribio, na gurudumu lake moja la nyuma lilikuwa bado linazunguka. Bibi si mtu, msishtuke. Ni gari la zamani la kupandia milima, bati nene, injini ya dizeli, umri wa miaka thelathini na mmoja. Mwenye gari ni mwanamke ambaye katika chama cha wapenda magari ya porini kila mtu humwita Mkaguzi, kwa kuwa alifanya kazi ya kukagua magari yaliyopata ajali mpaka akastaafu. Aliyekuwa kwenye usukani ndiye mtu: mdogo wake, dereva wa kikosi cha uokoaji, mwenye maneno mengi mpaka akabandikwa jina la Redio. Dakika chache baadaye alikuwa kwenye machela, mguu umevunjika sehemu mbili.

“Dada, nilifunga!” alikuwa akipiga kelele. “Naapa nilifunga yote mawili!”

Mkaguzi alipiga magoti kwenye tope akatazama magurudumu ya mbele. Katikati ya kila ringi kuna duara la chuma, upana wa mdomo wa kikombe. Hilo ndilo kufuli. Kwenye magari ya zamani, nguvu ya injini haifiki magurudumu ya mbele mpaka dereva ashuke na kuyageuza makufuli hayo mawili kwa mkono wake. Asipoyafunga, gari linapanda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, na kwenye kilima kile cha tope hakuna gari ambalo lingefika nusu kwa namna hiyo; lingeteleza likarudi chini. Mkaguzi aligusa la kulia. Lilikuwa wazi. Akazunguka akagusa la kushoto. Nalo wazi.

“Amesahau,” alisema Kamanda wa kikosi cha uokoaji, akiwa amesimama nyuma yake. “Pole sana, mama. Lakini dereva anayesahau makufuli hawezi kuwafundisha wenzake, wala siwezi kumpa wagonjwa abebe. Barua ya kumwondoa kazini itatoka Jumatatu, saa sita mchana.”

“Nipe mpaka hiyo saa sita.”

“Utafanya nini?”

“Nitafanya kazi yangu ya zamani.”

Aliyepanda na Redio kwenye gari la wagonjwa alikuwa Daktari, daktari wa meno, rafiki wa Mkaguzi wa miaka kumi na minane. Alimshika mkono njia nzima. Daktari ndiye mwenye gari jipya la rangi ya fedha linalong'aa, lenye vitufe vya kila kitu. Huko chamani wanaliita Bwana Harusi. Wanawake hawa wawili walikuwa hawakosi Jumamosi porini, na daftari lao la ulinganisho lilijulikana na wote: ukurasa wa kushoto Bibi, wa kulia Bwana Harusi, na safu za mchanga, tope, mwinuko, mafuta, na urahisi wa kutengeneza ukiharibikiwa mbali na watu. Kila safari wote wawili wanatia saini. Bwana Harusi anashinda kwa starehe na kwa mwendo wa lami. Kwenye tope na mwinuko, Bibi hajawahi kushindwa hata mara moja. Siku hiyo Kamanda alikuja mwenyewe kuamua kikosi kinunue gari la aina gani, na dereva wa gari litakaloshinda angepewa kuwafundisha madereva wote.

Saa nane mchana Bibi alivutwa mpaka uani kwa Fundi, anayetengeneza magari ya chama. Mkaguzi aliosha makufuli kwa brashi ya meno, taratibu. La kushoto alilipaka rangi nyekundu kwa mkono wake Alhamisi jioni, na sasa rangi ile ilikuwa imechunwa. Kulikuwa na alama za meno ya plaizi, mistari minne, na mmoja ulikuwa umeteleza mpaka kwenye ringi. La kulia lilikuwa safi kama alivyoliacha.

Akakaa chini kwenye tairi kuukuu. Moyo ulimwenda mbio, lakini kwa furaha. Mdogo wake hakuwahi kutumia plaizi kwenye kufuli maishani mwake.

Jumapili asubuhi alikwenda hospitali. Redio aliongea dakika ishirini kuhusu chakula cha wodini kabla hajaruhusu swali.

“Nyamaza kidogo, baba,” Mkaguzi alimwambia. “Ulifunga saa ngapi?”

“Saa tatu na dakika tano. La kulia, halafu la kushoto. Nikaenda kunywa chai hemani mpaka saa nne kasoro dakika tano. Nikapanda, nikawasha, nikaondoka.”

“Hukuyatazama tena?”

“Kwani nani angeyagusa, dada? Pale si kwetu?”

“Na lile jambo letu la Alhamisi, umemwambia mtu? Useme kweli, wewe mdomo wako haujui kupumzika.”

Redio aliona haya. “Hilo? Hata nesi sijamwambia. Mimi ndiye niliyelivunja, nikakusihi usimwambie mtu, halafu nianze kulitangaza mwenyewe?”

Mkaguzi aliandika hayo yote. Kisha akawatafuta watu waliotoka hemani kati ya saa tatu na dakika tano na saa nne. Walikuwa watatu tu, na gari lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hema, mahali ambapo waliokuwa wakinywa chai hawakupaona.

Wa kwanza alikuwa Fundi. Tangu mwaka jana, Mkaguzi alipomwambia mbele za watu kuwa anafunga nati kama anafunga chupa ya soda, hawakuwa na maelewano.

“Nilitoka kuchukua kamba,” alisema Fundi, akipangusa mikono. “Na plaizi ninayo mfukoni saa zote, ndiyo. Unataka kusema nini?”

“Sijasema kitu bado.”

“Mama, ningetaka kukuharibia gari, ningekuharibia hapa hapa uani kwangu, tena ukanilipa.”

Jibu hilo lilimfanya Mkaguzi acheke bila kupenda. Hata hivyo hakulifuta jina lake.

Wa pili alikuwa Mzee wa Tairi, mwenye duka la magurudumu na shabiki mkubwa wa Bwana Harusi. Mpishi wa chai, alipochungulia kwenye upenyo wa hema, alimwona amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele la Bibi saa tatu na nusu. Alipoulizwa, uso ulimshuka.

“Nilikuwa napima upepo wa tairi,” alinong'ona. “Miaka yote najiuliza huyu mama anabakiza upepo kiasi gani akipanda tope. Ni wizi huo, najua. Nisamehe.”

“Ulikuta kiasi gani?”

“Kumi na nane.”

Ilikuwa kweli kumi na nane. Mtu anayevizia kufuli hana haja ya kukumbuka upepo, alifikiri Mkaguzi, ingawa anaweza kufanya yote mawili.

Wa tatu alikuwa Daktari. Mkaguzi alimkuta kliniki, maana alikuwa na mgonjwa wa dharura hata Jumapili. Alimkumbatia mlangoni. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na plasta.

“Nimejikata na kopo,” alisema Daktari. “Mwenzangu, umelala kweli? Macho yamekuvimba.”

“Nitalala Jumatatu. Uliona mtu karibu na Bibi ulipotoka?”

“Nilitoka kuchukua daftari tu garini kwangu. Bibie, nisikilize, usijitese. Redio ni mdogo wako, unampenda, lakini mtu husahau. Nimeshaandika taarifa ya ajali kwenye daftari, imebaki saini yako.”

Akalifungua mezani, kati ya koleo za kung'olea meno. Mwandiko wake mzuri ulisema: *Gari halina kasoro. Dereva alisahau makufuli.* Chini yake ilikuwepo saini moja.

“Niachie nilisome vizuri,” alisema Mkaguzi, akaondoka na daftari. Njiani ilibidi asimame kando ya barabara. Alikuwa ameanza kuhisi jambo ambalo hakutaka kulihisi.

Jumatatu, saa nne asubuhi, aliwaita wote watatu uani kwa Fundi, na Kamanda akaalikwa. Bibi alisimama kwenye magurudumu yake, bati la ubavuni limebonyea. Mkaguzi aliyafunga makufuli yote mawili mwenyewe, akatoa saa ya mkononi na daftari.

“Imebaki safu moja ambayo hatukuwahi kuijaza,” alisema. “Muda wa kufungua. Kwa Bwana Harusi ni kitufe, sekunde moja. Kwa Bibi je? Nataka mtu mmoja mmoja aje afungue, wengine wakae ofisini na mlango ufungwe. Kamanda atakuwa shahidi wa saa.”

Fundi alikuja kwanza. La kulia aliligeuza kwa vidole, kinyume cha saa, kama yalivyo yote: sekunde tatu. Akaenda la kushoto, akaligeuza vile vile. Halikutikisika. Akakaza meno, akatukana, akatoa plaizi mfukoni.

“Limeganda!” alisema. “Hili linataka mafuta.”

Sekunde hamsini zilipita, Mkaguzi akamsimamisha. Mzee wa Tairi alifuata, na mambo yakawa yale yale. La kulia tii, la kushoto gumu, mpaka akakaa chini kwa kukata tamaa na kulaumu umri wake. Kila alipotoka mmoja, Mkaguzi alimweka kando, akayafunga tena makufuli.

Daktari alikuja wa mwisho, akicheka. “Michezo hii! Haya, tazama saa yako.”

Alipiga goti kulia, akageuza kinyume cha saa. Akazunguka mbio hadi kushoto, akaligeuza kufuata mshale wa saa, mara moja, bila kusita. Likafunguka.

“Sekunde sita,” alisema Kamanda kwa mshangao.

Mkaguzi hakuandika kitu. Alilifunga daftari.

“La kushoto linageuka upande usio wake,” alimwambia Daktari. “Umejuaje?”

Daktari alisimama, akapangusa goti. “Si uliniambia wewe?”

“Sikukwambia.”

“Basi Redio. Yule anasema kila kitu.”

“Kufuli la zamani lilivunjika Alhamisi mikononi mwa Redio. Hili tulilitoa kwenye gari bovu la aina nyingine, tukalifunga jioni hiyo hiyo, mimi na yeye, mlango umefungwa. Alinisihi nisimwambie mtu, na wewe zaidi ya wote, kwa sababu ungetucheka. Fundi hakujua. Mzee hakujua. Katika miaka kumi na minane, hilo ndilo jambo la kwanza nililowahi kukuficha, Daktari. Mtu wa tatu aliyelijua ni yule aliyeligeuza Jumamosi. Alijaribu kwa vidole, akashindwa, akaleta plaizi, ikateleza ikamkata. Kisha akajaribu upande wa pili likafunguka. Mkono wake ukajifunza.”

Daktari alitazama plasta yake, halafu akauficha mkono ule nyuma kama mtoto.

“Nilitaka akwame tu,” alisema. Sauti ilikuwa ndogo. “Akwame katikati, watu wacheke, basi. Miaka yote hiyo nakula tope la Bibi. Kila ukurasa ni wewe, wewe, wewe. Nikasema siku moja, mbele ya Kamanda, na mimi niwe wa kwanza. Sikujua kama atarudi nyuma. Haki ya Mungu, sikujua.”

“Hilo ningelimeza,” alisema Mkaguzi, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kuyafuta. “Lingenikwama kooni, lakini ningelimeza. Ila ulimshika mkono mdogo wangu garini, ukamsikiliza akiapa kuwa alifunga, ukijua kabisa kuwa alifunga. Ukaja ukaandika kwamba alisahau. Tena ukaniletea niweke saini! Mimi!”

Kamanda alitoa bahasha mfukoni, akaichana mara mbili. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

Mkaguzi alimkabidhi Daktari daftari na kalamu. Daktari aliyakata maneno yale matatu kwa mstari, akaandika juu yake *Mimi ndiye niliyefungua makufuli*, akatia saini. Wakaenda hospitali kwa gari la Kamanda.

Redio aliwaona akaanza palepale. “Daktari wangu! Njoo uone hili jino, mguu umevunjika lakini linaloniuma ni—”

“Redio,” alisema Daktari, amesimama mwisho wa kitanda. “Ulifunga. Mimi ndiye niliyefungua.”

Redio alimtazama, akamtazama dada yake, akaona kwamba si mzaha.

“Uliponishika mkono,” aliuliza, “ulikuwa unajua?”

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Redio aliugeuza uso ukutani, asiseme tena neno hata moja, na nesi alipokuja na dawa ilibidi amguse bega ajue kama yuko macho.

Mkaguzi alivuta kiti akakaa karibu naye. Daftari alilitia kwenye droo ya kando ya kitanda, akaifunga, na Daktari alipouliza kwa sauti ya chini kama amsubiri warudi pamoja, alimjibu kwamba atapanda basi.