Kifuko cha Muuza Nyama

Kila jioni muuza nyama alifunga bucha lake, akanawa mikono, akarudi nyumbani. Mbwa wake alimngoja mlangoni. Walimwita Meneja kwa sababu alilala siku nzima akitazama wengine wakifanya kazi.

Siku moja Meneja aliugua. Alitapika, akakataa kula, akakunja mgongo kwa maumivu. Daktari wa mifugo alisema kongosho lake limevimba. Kongosho ni kiungo kilicho karibu na tumbo. Husaidia kusaga chakula, hasa mafuta. Meneja alipata nafuu, na daktari akaonya kwamba asile mafuta tena.

Mama mkwe wa muuza nyama ndiye aliyempikia. Alichemsha wali na kuku asiye na ngozi. Hakutia hata tone la mafuta.

Wiki ya tatu, Meneja akatapika tena.

"Mama, labda sufuria ilikuwa na mafuta?" aliuliza binti yake, mke wa muuza nyama.

"Naisugua mwenyewe. Lakini macho yangu haya, mwanangu! Huenda ni mimi." Machozi yakamlengalenga.

Muuza nyama alisimama pale pale, akitazama viatu vyake. Alijua. Kila jioni alimpa Meneja mafuta aliyoyakata kwenye nyama za wateja. Mbwa wa muuza nyama ale wali mtupu? Watu si wangemcheka! Basi akafunga mdomo, bwana mkubwa huyo, akamwacha mama mkwe abebe lawama.

Walimkimbiza Meneja kwa daktari. Daktari alipomgusa tumbo, mbwa alilia.

"Amekula nini?"

"Daktari, kosa ni langu," alisema mama mkwe.

"Mama, usiseme hivyo." Muuza nyama alitoa kifuko mfukoni, akakiweka mezani. Kilikuwa na mafuta ya siku hiyo. "Ni mimi."

"Ukamwacha mama alie?" mke wake aliuliza.

Muuza nyama aliona aibu hata kuinua uso.

"Afadhali umesema," alisema daktari. "Kongosho likishavimba mara moja, ni rahisi kuvimba tena."

"Nilimpa kidogo tu, daktari."

"Kwake yeye hakuna kidogo tu. Hata mabaki ya mezani, hapana. Mpeni chakula kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, na maji safi. Akitapika au akikunja mgongo, mleteni siku hiyo hiyo."

"Na jioni nimpe nini? Ananingoja."

"Anakungoja wewe, au mafuta?"

Muuza nyama hakujua. Hilo lilimuuma kuliko yote.

Meneja alilazwa siku tatu. Aliporudi, muuza nyama alimwomba mama mkwe msamaha mbele ya wote.

"Nimekusamehe," alisema mama mkwe. "Ila mifuko nitaikagua."

Kweli aliikagua. Kila jioni alisimama mlangoni. "Mifuko!" Mkwe wake aliigeuza nje, yote miwili, kama mtoto wa shule. Meneja aliinusa, akaikuta mitupu. Hata hivyo alitikisa mkia, akamwegemea mguuni.

Miezi mitatu ilipita bila Meneja kutapika. Jioni moja mama mkwe hakuja mlangoni.

"Mama, leo hunikagui?"

"Nakuamini, baba. Ingia ule."

Muuza nyama akaigeuza mifuko mwenyewe, akaingia.