Alama Tisa za Sishiki

Kila Jumatatu na Jumatano, kengele ya mwisho ikishalia, wanafunzi wanne wa darasa moja walichukua ufunguo kwa mlinzi wa shule na kwenda kufungua stoo ya zamani nyuma ya jiko. Humo mlikuwa na viti vinne, magitaa manne na kitabu kimoja tu cha kujifunzia gitaa. Mwalimu wa muziki aliwatembelea siku ya Ijumaa. Siku nyingine walijifunza wenyewe, wakifuata kitabu zoezi baada ya zoezi.

Na kitabu chenyewe, Mungu wangu! Kilitia kichefuchefu. Kilikuwa kimepita mikononi mwa watoto kwa miaka kumi, na kila mmoja alilamba kidole kwanza ndipo akafunua ukurasa. Pembe za karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandana kwa kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua. Katikati ya zoezi la tano alilala mende aliyebanwa hadi akawa bapa. Magitaa nayo yalikuwa hivyo hivyo: nyuzi zimevaa weusi wa jasho la vidole vya watu, ukizigusa zinanata.

Msichana mmoja katika hao wanne aliitwa Sishiki. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi. Darasani walimbandika kwa sababu ya neno lake la kila siku: "Mimi hicho sishiki!" Kikombe cha pamoja, hashiki. Mlango wa choo, anausukuma kwa kiwiko. Mwenzake wa kundi, Bonge, ambaye mfuko wake haukukosa karanga, alikuwa akilamba vidole makusudi kisha anampa mkono, halafu anacheka mpaka karanga zinampalia.

Lakini gitaa Sishiki alilipenda kweli. Ndiyo maana siku ya kwanza alijikaza, akagusa ule uzi mnene wa juu. Alipoinua kidole aliona utando mweusi umemganda. Alitoka mbio, akatapika nyuma ya jiko. Siku ya pili alijaribu tena kubana nyuzi, zikamuuma kama waya. Siku ya tatu akavumbua ujanja. Magitaa manne yakipigwa pamoja katika chumba kidogo, nani atajua ni lipi lililonyamaza? Basi akawa anapeleka mkono juu na chini hewani, nyuzi hazigusi hata kidogo. Kichwa anatikisa, mguu anagonga sakafu. Ungemwona ungesema huyu ni fundi aliyezaliwa na gitaa mkononi.

Sasa kundi hilo lilikuwa na sheria moja. Anayeliweza zoezi anaandika alama yake kwa penseli chini ya ukurasa, na ukurasa unaofuata haufunguliwi mpaka alama nne zitimie.

"Kitabu hakina mdomo," mwalimu wa muziki aliwaambia. "Ukikidanganya kitanyamaza. Kwa hiyo semeni kweli wenyewe."

Zoezi la kwanza lilikuwa la kutaja tu sehemu za gitaa. Kwenye zoezi la pili Sishiki aliandika alama yake wakati wenzake wanapanga viti. Hakuna aliyemuuliza. Akaandika la tatu, la nne, hadi la kumi. Alama tisa, na zote uongo mtupu!

Ijumaa moja mwalimu aliingia na habari.

"Sikilizeni. Mwalimu mkuu anaitaka stoo hii, aweke madawati yaliyovunjika. Nimemwomba asubiri mpaka siku ya wazazi, Jumamosi ya wiki mbili kutoka kesho. Mtapiga zoezi la kumi na moja mbele ya watu. Mkipiga vizuri, chumba ni chenu. Mkiharibu, madawati yanaingia, magitaa yanarudi kabatini, na kundi limekwisha."

"Tutapiga, mwalimu!" alisema Mluzi, msichana mrefu aliyekuwa kiongozi wao, ambaye hata akifagia alipiga mluzi.

Wa nne wao, Mafua, alitabasamu tu na kufuta pua. Mvulana huyo pua yake haikukauka mwaka mzima, ila akishika gitaa hata Bonge aliacha kutafuna.

"Zoezi hili lina mistari minne," mwalimu aliendelea. "Kila mmoja anapiga mstari wake, peke yake. Sishiki, wewe utaanza. Haya, tukusikie."

Sishiki alitazama nyuzi, akatazama kitabu, jasho likamtoka. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini mwongo akibanwa hatafuti ukweli, anatafuta mtu wa kumpaka matope.

"Mwalimu, gitaa hili siwezi kulishika."

"Kwa nini?"

"Jumatano Mafua alilichukua. Nilimwona. Alipenga kamasi mkononi, akazipaka kwenye nyuzi."

"Akaa!" Bonge aliruka hadi kiti kikaanguka. "Makamasi! Na mimi leo nimempa karanga!"

Mluzi alikumbatia gitaa lake na kusogea mbali. Mafua alisimama.

"Si kweli, mwalimu. Haki ya Mungu, si kweli."

Akaanza kulia, na maskini, pua yake ikamsaliti. Zilishuka mbili, zikafika mdomoni.

"Si hizo hapo!" Bonge alipiga kelele. "Yuuu! Natapika mimi!"

"Nyamaza, Bonge!" mwalimu alifoka. "Mafua, nenda kanawe uso. Jambo hili tutalizungumza wiki ijayo."

Mafua alikwenda kunawa na hakurudi. Hata mkoba wake aliuacha.

Jumatatu darasani hakuna aliyetaka kukaa naye. Bonge alikuwa amekwisha kulitangaza jambo hilo kila mahali, na madawati yalisogezwa mpaka Mafua akabaki kama kisiwa. Mwalimu wa muziki siku hiyo hakuwepo shuleni. Jioni Mafua hakuja stoo.

"Bila yeye hatuwezi," Mluzi alisema kwa huzuni. "Sishiki, wewe ndiye mtu wa usafi. Safisha gitaa lake, labda tumpate mwingine wa kulipiga."

Sishiki alilichukua kwa ncha za vidole, uso ameukunja. Akapitisha kitambaa kwenye uzi wa kwanza. Kitambaa hakikuchafuka. Akapitisha kwenye wa pili, wa tatu, mpaka wa sita. Nyuzi zilikuwa zinang'aa. Na kwenye shingo ya gitaa, chini ya nyuzi, palikuwa na kipande cha kitambaa cheupe, kimefuliwa na kukunjwa vizuri. Kumbe Mafua alikuwa akilifuta gitaa lake kila siku, kimya kimya, bila kumtangazia mtu!

Akaligeukia gitaa lake mwenyewe. Ule weusi wa zamani ulikuwa bado upo, na juu yake limekaa vumbi. Vumbi la miezi miwili, la kitu kisichoguswa na mtu.

Safari hii hakukuwa na mende wala kamasi mbele yake. Alijionea kinyaa mwenyewe, kinyaa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuona, kwa sababu chakula kibaya unakitema, lakini mwenyewe utajitemea wapi? Ndiyo maana wahenga walisema nyani haoni kundule.

Nyumbani hakuweza kula. Mama yake, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, alisogeza sahani pembeni.

"Una nini, mwanangu? Leo hata kijiko hukukikagua."

Sishiki akalia, akasema yote. Mama alimsikiliza bila kumkatiza. Mikono yake, iliyochubuka kwa sabuni na maji ya moto, ilitulia mezani.

"Mashuka ninayofua mimi, ukiyaona hutakula siku tatu," alisema mwishowe. "Yana damu, yana matapishi, na mengine siyataji. Kinyaa ninakiona, mimi ni mtu. Lakini sijawahi kulikunja shuka chafu nikaandika kwenye daftari kuwa nimelifua. Maana kuna mgonjwa atalalia. Wewe umekunja mashuka machafu tisa ukayaita safi. La kumi ukamfunika nalo mwenzako."

"Nifanyeje, mama?"

"Uchafu unaoshwa pale ulipomwagwa. Ulimwaga mbele ya watu wangapi?"

"Wanne. Lakini sasa darasa zima wanajua."

"Basi ni darasa zima. Kula, kesho utahitaji nguvu."

Jumanne asubuhi, mwalimu wa muziki alipoingia darasani kwa kipindi chake, Sishiki alisimama bila kuitwa.

"Mafua hakupaka kitu chochote kwenye gitaa langu. Nilisema uongo. Mimi gitaa sijui kupiga hata zoezi la pili. Alama zangu zote tisa niliiba."

Kisha Bonge, bila kutania kabisa, akasema, "Ptuu! Bora makamasi."

Hakuna aliyecheka. Neno lile lilimwingia Sishiki mpaka kwenye mifupa, lakini hakukaa chini.

"Bonge, wewe uliyelieneza jambo hili usimtemee mtu mate," mwalimu alisema. "Nami nina kosa langu. Ilinipasa nichunguze siku ile ile. Mafua, nisamehe. Unataka Sishiki afanye nini?"

Mafua alisimama. "Afute alama zake. Na kitabu kirudi zoezi la pili."

"La pili?" Mluzi aliruka. "Zimebaki siku kumi na moja!"

"Sheria ni alama nne," Mafua alijibu. "Zipo tatu."

Basi wakarudi zoezi la pili. Lakini kwanza ilikuwa usafi. Sishiki alisugua magitaa matatu kwa kitambaa na spiriti, kitambaa kikatoka cheusi tii, naye akachafukwa roho mara mbili na kuendelea. Mende wa zoezi la tano alimbandua yeye, kwa vidole vyake. Ndoo ya maji na sabuni ikawekwa mlangoni, karanga zikabaki nje, na kulamba kidole ili kufunua ukurasa kukapigwa marufuku. Mwalimu aliwaruhusu kukutana kila siku. Vidole vya Sishiki vilivimba, vikatoka malengelenge, vikaanza kuwa vigumu. Kila zoezi alilipiga peke yake, wenzake watatu wakimsikiliza, ndipo akapewa penseli. Mafua alimsahihisha kwa kuonyesha kwa kidole tu. Hakumsemesha.

Siku ya wazazi ilipofika walikuwa wamefika zoezi la sita.

"Na sasa," mwalimu mkuu alitangaza, "kundi la gitaa litatupigia zoezi la kumi na moja!"

Sishiki alisimama. Mama yake alikuwa mstari wa tatu, katika gauni lake la kazi.

"Samahani, mwalimu mkuu. Tutapiga la sita. Wenzangu walikuwa wamefika mbali. Mimi nilidanganya alama, wakarudi nyuma kwa ajili yangu. La sita ndilo tunaloliweza sote."

Minong'ono ikapita ukumbini. Kisha akakaa, akabana nyuzi, akapiga mstari wa kwanza, peke yake. Uzi wa tatu ulikwaruza. Hakusimama. Mluzi akapokea, Bonge akafuata, Mafua akamalizia, na zoezi hilo la sita, wimbo mdogo wa watoto, likatoka safi.

Makofi hayakuwa mengi. Mwalimu mkuu alikuna kidevu.

"Nilitaka kusikia la kumi na moja," alisema. "Lakini ufunguo wa chumba napenda awe nao mtu anayesema kweli hata inapomuumiza. Madawati nitayatafutia mahali pengine."

Bonge alipiga kelele kuliko ukumbi mzima.

Nje, mama alikishika kiganja cha bintiye, akapapasa zile ncha ngumu za vidole.

"Sikia, mwanangu. Kinyaa si usafi. Kinyaa kinakukimbiza tu, na ukimbiapo unamwachia mwenzako uchafu. Usafi ni kushika kilicho kichafu mpaka kitakate. Na ulimi wako ndio wa kwanza kuoshwa."

"Nimesikia, mama."

Mafua alikuwa akipita na gitaa lake begani. Akasimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu siku ile.

"Uzi wa tatu ulikwaruza."

"Najua," Sishiki alisema.

"Jumatatu zoezi la saba. Hutaandika alama mpaka mimi mwenyewe nikusikie."

"Sitaandika," Sishiki akajibu, na Mafua akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.