Mwanamke Aliyepiga Magoti Kitabuni

"Funga mlango, wewe!"

Lievine, mchora picha za vitabu, alichelewa kusema. Mgeni aliyekimbia mvua aliingia pamoja na upepo wa soko la mji wa Brugge. Upepo ukaunyanyua utando wa dhahabu aliokuwa akiulaza kwenye ukurasa, ukaupeperusha hadi kwenye ndevu za yule kijana. Koti lake la buluu lilikuwa chepechepe, ndevu zikimetameta kama za mtakatifu.

"Samahani, dada. Nijipanguse?"

"Usijiguse! Hata usipumue!" Akaanza kuichokoa dhahabu kwa brashi ya manyoya. "Jina lako nani, mwizi?"

"Gozewijn. Nauza glavu pale darajani. Nipumue sasa?"

"Bado."

Tangu siku hiyo Gozewijn alibisha hodi kwa kunong'ona, akaingia ubavuubavu na kufunga mlango kama anayemlaza mtoto. Alimletea mkate wa tangawizi na umbea wa sokoni, kisha akakaa kumtazama akiipulizia gundi pumzi ya joto ili dhahabu ishike.

"Laiti ningekuwa ukurasa mimi!"

"Ngozi yako nene, bwana glavu. Haifai kitu." Lakini masikio yalimwaka.

Siku moja alimfungulia moyo. "Kila siku nawapaka rangi wake za watu, wamepiga magoti mbele ya Bikira Maria, kila mmoja ndani ya kitabu cha sala alichopewa na mumewe. Ipo siku nitajichora mwenyewe, ndani ya kitabu changu."

Kiangazi kilipofika, Gozewijn akaja na kitabu kilichofungwa kwa mahameli.

"Hiki chako, kipenzi. Nataka nikuoe."

Lievine alikifungua. Ndani, pichani, alipiga magoti msichana mzuri mwenye gauni jekundu.

"Huyu nitamkwangua," alisema akicheka, akachukua kisu. "Kitabu kikipata mwenyewe mpya, na uso hubadilika. Ndiyo desturi."

Gozewijn akamshika mkono. "Huyu hapana, mpenzi. Nilimwahidi hataguswa."

"Ulimwahidi? Kumbe huwa mnaongea!"

"Lievine, nisikilize..."

"Nipige magoti nyuma ya hawara yako? Toka!"

Aliubamiza mlango kwa nguvu, dhahabu ya asubuhi nzima ikatawanyika chumbani. Kitabu kikabaki mezani.

Kesho yake akaingia bibi kizee na mkongojo. "Mimi Aechte, mwanangu. Kijana wa glavu kaniambia kitabu changu cha zamani kiko kwako. Naomba nikitazame kidogo."

Kazi ya Lievine ilikuwa nyuso. Aliona kope zilezile nzito, pua ileile iliyopinda kidogo.

"Ni wewe, bibi!"

"Wiki ya harusi yangu. Gauni lenyewe la kuazima!" Bibi akacheka, kisha akapapasa ukingo wa ukurasa. "Sikujaliwa mtoto, na mume katangulia. Kijana aliponunua kitabu nilimwomba jambo moja tu: atakayesali humu anione, anitaje. Hakukwambia?"

"Sikumpa nafasi, bibi."

Akatoka mbio na aproni yenye madoa ya rangi. Darajani, Gozewijn alikuwa akimvalisha glavu mama mmoja mnene.

"Wewe! Kwa nini hukusema ni bibi kizee?"

"Ningesema saa ngapi? Ulinifungia mlango puani!"

"Msamehe, baba," mama yule akadakia. "Na mkono wangu unirudishie."

Lievine hakucheka. "Kwa hiyo uso wangu hautaingia mle."

Gozewijn akainamisha kichwa. "Kitabu cha pili sitaweza kukununulia, mpenzi. Pengine maisha yetu yote. Lakini neno nimeshalitoa."

Chini yao mashua ya kuni ilipita polepole. Tangu utotoni Lievine alikuwa ameuwekea uso wake nafasi mbele ya Bikira Maria.

"Nioe," akasema. "Neno lako litakuwa letu."

Mkesha wa harusi, mwanga wa jioni ukiwa bado dirishani, alifungua ukurasa ule. Rangi ya shavu ilikuwa imebanduka. Kisu kingemaliza kazi mara moja. Lievine alikisukuma kando. Akachanganya waridi na nyeupe, akamrudishia Bibi Aechte shavu lake. Kisha akainama, akaipulizia gundi kwenye ukosi wa gauni pumzi ndefu ya joto, hadi dhahabu ikashika.