Mzigo wa Mpagazi

"Shilingi mia nne na themanini," alisema Dalmas Owino. "Hizo mia tatu zako kanunulie mbuzi."

Bwana Haddon, mzungu aliyenunua vitu vya kale, alisema sanduku wanalopatania bei linanuka. Kweli lilinuka. Lilikuwa la msafiri mmoja wa zamani, wa wale waliopita bondeni wakitafuta maziwa na kuyapa majina. Dalmas alilipata Subukia, kwa mlowezi aliyekuwa akifungasha kurudi kwao mwaka ule wa hamsini na tisa. Duka lake zima, nyuma ya stesheni ya Nakuru, lilinukia nta na vanishi. Sanduku peke yake lilinuka jasho, jasho bichi la mtu aliyepanda mlima leo.

Dalmas alijifunza kazi hii mwenyewe, na hakuwahi kumficha mteja hata ufa. Haddon alipomwita mwongo, kwamba sanduku si la kale, alimwonyesha mlango. Kisha akalipeleka sanduku nyumbani lisije likaibwa, akarudi kufunga duka.

Jioni hiyo Milcah, mkewe, alikuwa akisonga ugali, mgongo kwa mlango. Akasikia mtu anahema kizingitini, kuhema kwa aliyeelemewa. Akadhani ni mumewe. Akasema bila kugeuka, kama alivyolelewa kumwambia yeyote mwenye mzigo:

"Pole. Lete nikupokee."

Alipogeuka hapakuwa na mtu.

Asubuhi shingo ilimuuma. Hospitali walimpa dawa ya kuchua, lakini shingo ikazidi kuzama mabegani, akawa anatembea kwa kujikokota, na kila alipopita, nyumba ilibaki na ile harufu ya jasho, hata Dalmas, aliyezoea kuwacheka wanaoogopa majini, akapitisha mkono hewani juu ya kichwa cha mkewe, taratibu, na vidole vyake vikagusa ngozi ya ng'ombe na pembe ya shaba ya sanduku lile, baridi, ilhali sanduku lenyewe alikuwa akiliona pale kwenye kona.

"Baba Micah," Milcah alimnong'oneza mumewe, "kuna mtu ananihesabia hatua."

Akaitwa Bi Zuhura, mganga wa mtaa wa Waswahili. Alifukiza ubani, akauliza ni nani. Kinywa cha Milcah kikajibu kwa Kiswahili cha pwani ambacho hakuwahi kukijua: alikuwa mpagazi, alilibeba sanduku hilo tangu Pangani, kule baharini, akafia chini yake kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Mzigo akapewa mwingine. Yeye akafunikwa mawe, bila ujira.

"Mimi sidaiwi na mtu," alisema Dalmas. "Nilinunua kwa haki."

Bi Zuhura alimfinya anyamaze. Milcah alikuwa amepiga magoti, damu ikimtoka puani, na shingo ikalia kama ukuni unaokatika.

Hasira zikamwisha Dalmas. Akainama mbele ya mkewe.

"Mwachie huyu. Mali ni yangu. Lete nikupokee mimi."

Shingo ya Milcah ikanyooka polepole, kama jani lililoondolewa mguu juu yake. Akavuta pumzi, akalia. Dalmas akakaza mabega akingoja uzito wa sanduku, lakini kilichomshukia kilikuwa laini, chenye joto, kilicholowa jasho: mapaja mawili yaliyomkumbatia shingo huku na huku, na pumzi ya mtu juu ya utosi wake. Bi Zuhura alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

Sauti haikutoka tena kwa Milcah. Ilitoka juu.

"Ujira hulipwa pwani. Nipeleke."