Kijiti Kilichowekwa Chini

Kila siku baada ya masomo, wasichana wanne wa darasa la sita katika shule moja ya Toongabbie, jijini Sydney, walifanya mazoezi ya mbio za kupokezana vijiti. Ineza, Mrundi mwenye mbio kuliko wote, alimpa kijiti Shirleen, Mkenya, aliyemalizia. Ijumaa wangeshindana.

Jumatatu, Mwalimu Njeri alifundisha jinsi jamii ya kale ya India ilivyogawanyika. Juu walikaa makuhani, kisha watawala na wapiganaji, wakulima na wafanyabiashara, halafu watumishi. Baadaye waliosafisha uchafu na kushughulikia maiti wakatengwa kabisa, wasiguswe. Mtoto alirithi daraja la wazazi wake.

"Ilianzaje, Mwalimu?" Shirleen aliuliza.

"Wataalamu bado wanabishana."

Ubaya hausubiri wataalamu. Wakati wa mapumziko Shirleen aliwagawia wenzake madaraja. Yeye akawa kuhani, bila shaka. Alipofika kwa Ineza akacheka.

"Mama yako huwaosha wazee na kuwabadilisha nepi. Usituguse. Ukitaka kumpa mtu kitu, kiweke chini, tutakiokota."

Wengine wakacheka, na mchezo ukawanogea. Penseli chini, mpira chini. Hata Aline, Mrundi mwenzake Ineza ambaye mama yake hufanya kazi ile ile, aliifuta chupa yake baada ya Ineza kuigusa. Inauma hata kusimulia. Ineza aliweka kila kitu chini kama alivyoambiwa, kwa kuwa aliogopa kuondolewa kwenye mbio.

Ijumaa ilipofika, Ineza aliwaacha wote nyuma. Shirleen alinyoosha mkono apokee kijiti. Ineza akasimama, akakiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma. Shirleen alipoinama kukiokota, washindani wao walikuwa wameshawapita.

"Kwa nini umekiweka chini?" Mwalimu Njeri aliuliza.

"Haruhusiwi kunigusa," Ineza alijibu kwa utulivu, kama anayetaja saa ya basi.

Mwalimu aliwahoji hadi akajua yote.

"Shirleen, uliniuliza ilianzaje," alisema. "Sasa umeona. Mmoja anaidharau kazi ya mwenzake, wengine wanacheka, na anayedharauliwa anazoea. Ninyi hata wiki haijaisha. Kazi ya mtu haimpunguzii utu, wala ya mama yake."

Shirleen alilia. "Nisamehe, Ineza," alisema, akimnyooshea mkono.

Ineza alikubali kumpa wake. Lakini kwanza aliufuta kwenye sketi.